Je, Wajua? Maajabu ya Katavi, Hifadhi Inayotegemea Mto Mmoja

Mwombe Mtanzania yeyote akutajie hifadhi za taifa. Ataanza na Serengeti, ataongeza Mikumi, Manyara, Tarangire na Ruaha, kisha atanyamaza kidogo akifikiri. Katavi itakuja mwishoni, au isije kabisa. Iko magharibi ya mbali, katika bonde la Rukwa, kwenye mkoa ambao ulimegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012 ukapewa jina la hifadhi hiyo. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1974, ikapanuliwa karibu maradufu mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo ina kilomita za mraba 4,471. Wageni wanaofika ni wachache, ila wanaofika mwezi wa Septemba au Oktoba huona mambo ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasikia, na karibu yote yana chanzo kimoja: maji yanapungua.

Mamba wanaojificha ardhini

Je, wajua kwamba mamba wa Katavi huukimbia ukame kwa kuingia ndani ya ardhi? Mto Katuma ndio mshipa wa hifadhi. Wakati wa mvua hufurika na kujaza tambarare za Katavi na Chada, zikawa maziwa yenye mwari, korongo na bata maji. Mvua zikikatika maziwa hayo hunywea, mto hugawanyika kuwa vidimbwi, na kuanzia Agosti hivi sehemu kubwa ya mkondo huwa mchanga mtupu. Mamba hana miguu ya safari ndefu juani. Anachofanya ni kurudi kwenye mashimo yaliyomo kingoni mwa mto, mapango ya udongo yanayoingia ndani kabisa ambako kuna giza na ubaridi, na humo hulala hadi mvua zinaporudi.

Ukisimama upande wa pili wa mto saa sita mchana, mwanzoni huoni kitu ila ukingo mkavu uliopasukapasuka. Halafu jicho linazoea. Kwenye mdomo wa shimo moja kuna pua, juu yake pua nyingine, na pembeni mkia ambao si wa yeyote kati ya hao wawili. Wamelala wamepandana, wakubwa chini na wadogo juu ya migongo yao. Hawapigani, ingawa nje ya hapo mamba mkubwa humla mdogo bila kusita. Mamba hatumii chakula kuupasha mwili wake joto kama sisi, hutegemea jua, na ndiyo maana anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula na bado akatoka mzima.

Kuhusu mamba hao hao: jinsia ya mtoto haiamuliwi na baba wala mama, huamuliwa na joto la mchanga ambamo mayai yamefukiwa. Joto likiwa kati ya nyuzi 31 na 34 hivi, wengi hutoka madume. Likizidi hapo au likipungua, hutoka majike. Na mama ambaye meno yake huvunja mfupa wa nyati huwabeba watoto wake mdomoni kuwapeleka majini bila kuwakwaruza.

Viboko mamia, maji ya magoti

Mamba wanaweza kujificha. Viboko hawawezi. Dume lililokomaa huzidi tani moja na nusu, na ngozi yake, nene kama ilivyo, hukauka na kupasuka upesi ikikaa juani. Kwa hiyo viboko wote wa mkondo mrefu hulazimika kukusanyika kwenye vidimbwi vichache vilivyobaki, hasa maeneo ya chemchemi ya Ikuu. Mwanzoni mwa Julai bado kuna nafasi. Kufikia Oktoba utakuta mamia yao wamebanana kwenye tope zito la kijani, mgongo kwa mgongo, na huwezi kuona maji yenyewe. Harufu hukufikia kabla ya gari kusimama. Madume waliokuwa wakitawala kila mmoja kipande chake cha mto sasa wamekutana pahali pamoja, na mapigano hayaishi usiku na mchana. Ndama hukanyagwa na wengine hufa. Si picha ya kupendeza, ila ndivyo kiangazi kilivyo hapa, na nadhani mtu anayetaka kuijua Katavi aione hivyo ilivyo.

Je, wajua kwamba kiboko hutokwa na kitu kinachofanana na damu? Ni majimaji yanayotoka chini ya ngozi, hayana rangi mwanzoni, kisha huwa mekundu na baadaye kahawia. Mwaka 2004 wanasayansi wa Japani walitangaza kuwa wamebaini rangi mbili ndani yake, moja nyekundu na nyingine ya chungwa. Zote mbili huzuia miale mikali ya jua, na ile nyekundu huzuia pia bakteria wasiongezeke. Fikiria vile vidimbwi vya Oktoba, madume yenye majeraha ya meno yakigaagaa kwenye maji yaliyojaa kinyesi, na bado vidonda vingi vinapona.

Kuna jingine. Watu wengi hudhani kiboko ni mwogeleaji. Ukweli ni kwamba anatembea chini, juu ya udongo wa mto, akijisukuma kwa miguu. Akilala ndani ya maji, mwili humpandisha juu kila baada ya dakika chache ili avute pumzi, halafu humshusha tena, na yeye haamki.

Kelele zao nazo zina maana. Watafiti waliofanya kazi katika hifadhi ya Maputo nchini Msumbiji walichapisha matokeo yao mwaka 2022: walirekodi sauti za viboko wakazipiga kwa vipaza sauti kando ya maji. Viboko waliposikia sauti ya mwenzao wa bwawa lile lile walitulia zaidi. Waliposikia sauti ya mgeni, walikasirika na kurusha kinyesi kwa mkia, ambayo ni njia yao ya kuweka mpaka. Wanajuana kwa sauti, kama majirani.

Na ndugu wa karibu zaidi wa kiboko walio hai leo, kwa mujibu wa vinasaba, ni nyangumi na pomboo. Si nguruwe, kama vitabu vya zamani vilivyodai.

Kambare

Ndani ya tope hilo hilo huishi kambare. Samaki wengine hufa maji yanapokosa hewa. Kambare ana kiungo cha pekee juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kwa mdomo, ndiyo maana utamwona akipanda kila mara kwenye uso wa tope na kuzama tena. Marabu na tai mlasamaki wanalijua hilo vizuri, husubiri hapo hapo.

Pundamilia, nguo za milia na mbung'o

Huwezi kuzungumzia Katavi ukamwacha mbung'o, ambaye wengine tunamwita ndorobo. Kwenye mapori ya miombo wapo wa kutosha kumfanya mgeni afunge vioo vya gari kwenye joto la nyuzi 35. Lakini je, wajua kwamba mbung'o wa Katavi wamesaidia kujibu swali ambalo wataalamu wa viumbe wamelijadili tangu karne ya 19, kwamba pundamilia ana milia kwa sababu gani?

Majibu ya zamani yalikuwa mengi: milia inamficha asionekane na simba, inamkanganya simba anapokimbiza kundi, inampoza mwili, inawasaidia pundamilia kutambuana. Mwanasayansi Tim Caro, ambaye amefanya utafiti Katavi kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990, aliamua kuyajaribu majibu hayo moja moja. Sehemu ya kazi hiyo ilimtaka atembee porini Katavi akiwa amevaa nguo za rangi na michoro tofauti, na wakati mwingine amejifunika ngozi za wanyama, huku mbung'o wanaomtua wakihesabiwa. Mtu aliyewahi kuumwa na mbung'o hata mmoja ataelewa uzito wa kazi hiyo. Mwaka 2014 yeye na wenzake walilinganisha maeneo wanakoishi wanyama wa jamii ya farasi duniani, wenye milia na wasio nayo. Milia ilikutwa zaidi pale ambapo nzi waumao wako wengi kwa miezi mingi ya mwaka. Simba na joto havikuonyesha uhusiano kama huo.

Jaribio lililofuata lilifanyika Uingereza, matokeo yakatoka 2019. Farasi wa kawaida walivalishwa makoti: meusi, meupe, na ya milia. Nzi waumao walizunguka karibu na makoti yote sawasawa, ila kwenye koti la milia walishindwa kutua. Walikuja kwa kasi, hawakupunguza mwendo, wakagonga au kupita. Kichwani, ambako farasi wote hawakuwa wamefunikwa, walitua bila shida. Basi inaelekea milia inalivuruga jicho la nzi katika ile hatua ya mwisho ya kutua. Na kwa mnyama mwenye manyoya mafupi kama pundamilia, ambayo mdomo wa nzi unapenya kirahisi, kuepushwa na kuumwa ni kuepushwa na magonjwa.

Msafiri asiye na milia afanye nini? Aepuke nguo za buluu na nyeusi. Rangi hizo mbili huwavuta mbung'o sana, na ndizo zinazotumika kwenye mitego yao ya vitambaa inayotundikwa porini. Vaa kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu.

Mbung'o jike, tofauti na nzi wengine, hatagi mayai. Humlea buu mmoja tumboni kwa majimaji ya lishe yanayofanana na maziwa, akamzaa akiwa amekua, kisha akaanza kumlea mwingine. Katika maisha yake huzaa wachache tu, na bado ameweza kuwafukuza wafugaji katika maeneo makubwa ya Afrika, kwa sababu ya nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Sehemu kubwa ya magharibi ya Tanganyika ilihamishwa watu enzi za Waingereza kwa ajili ya malale, vijiji vilivyotawanyika vikakusanywa pamoja. Mapori mengi tunayoyaona leo na kuyaita ya asili yalikuwa na mashamba na makaburi ya watu.

Tembo wa India waliotua Msasani

Hii ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote. Je, wajua kwamba mwaka 1879 tembo wanne kutoka India walishushwa ufukweni Msasani, ambapo leo ni ndani ya jiji la Dar es Salaam, wakatembezwa hadi Ziwa Tanganyika?

Aliyegharamia ni Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Chama alichokianzisha kilikuwa kinaanzisha kituo Karema, kwenye mwambao wa ziwa, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi. Shida ilikuwa mizigo. Ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o njiani, na kila kitu kilibebwa vichwani na wapagazi. Leopold akafikiri: kama tembo wa India, waliozoea kufanyiwa kazi, watavuka maeneo ya mbung'o wakiwa wazima, basi hata tembo wa Afrika wataweza kukamatwa na kufundishwa. Msafara uliongozwa na Frederick Carter, na tembo walikuja na waongozaji wao wa Kihindi. Ulipitia Mpwapwa na Ugogo. Baadhi ya tembo walikufa njiani, ila msafara ulifika Karema Desemba mwaka huo huo.

Mwaka uliofuata Carter alianza safari ya kurudi pwani. Mwezi Juni 1880, akiwa Mpimbwe pamoja na mwenzake Cadenhead, kijiji kilishambuliwa na majeshi ya Mtemi Mirambo na washirika wake, na wote wawili wakauawa. Mpimbwe ipo jirani na hifadhi, upande wa kusini. Watu wa huko, Wapimbwe, wapo hadi leo, na ndiko alikozaliwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, kijiji cha Kibaoni. Karema nayo imepata bandari ya kisasa inayotazama Kongo ng'ambo ya ziwa. Mizigo ambayo Leopold alitaka ibebwe na tembo sasa inakuja kwa malori.

Mkwaju wa Katabi

Jina la hifadhi latokana na Katabi, mwindaji mashuhuri katika masimulizi ya Wabende, ambaye roho yake inaaminika kukaa kwenye mti wa mkwaju kandokando ya Ziwa Katavi. Watu wa maeneo hayo bado hufika chini ya mti huo kutambika na kuacha sadaka wakiomba baraka. Ukipelekwa hapo na mwongozaji, shuka kwa adabu, usichume ukwaju, usiguse kilichowekwa. Mti mmoja ndani ya hifadhi ya kilomita za mraba elfu nne na ushei umebaki mahali pa ibada, na wenye hifadhi na wenye mila wamekubaliana hivyo. Naona ni jambo jema kuliko mabango mengi ya uhifadhi.

Nyati wanapiga kura

Tambarare ya Katisunga, katikati ya Katavi, hulisha makundi makubwa ya nyati, pamoja na pundamilia, nyamera na tohe. Je, wajua kwamba kundi la nyati huamua kwa pamoja upande wa kwenda? Mtafiti Herbert Prins, akiwafuatilia nyati wa Ziwa Manyara, aliona kwamba jioni, kabla ya kundi kuondoka mahali pa kupumzikia, majike husimama mmoja mmoja, hutazama upande fulani kwa muda, kisha hulala tena. Kundi likiondoka, huelekea upande uliotazamwa na wengi. Madume hawahesabiwi.

Msitu unaotoa majani kabla ya mvua

Mwezi Septemba nchi ni kavu, moto umepita, mto ni mchanga. Mtu wa pwani angesema kila kitu kimekufa. Ghafla miombo inachipua. Majani machanga hutoka mekundu ya shaba, pori zima likawa na rangi ya machweo mchana kweupe, na mvua bado ni mwezi mzima au zaidi. Miti hii hutumia maji na akiba iliyoitunza kwenye mizizi na shina. Ndani ya pori hilo la kivuli ndimo walimo korongo na palahala, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda ambao msafiri wa Serengeti ni nadra kuwaona. Ni wanyama wenye haya, wanataka subira. Na miombo ndiyo chanzo cha asali ya Inyonga na Mpanda, asali nyeusi nyeusi yenye ladha ya moshi kidogo, inayorinwa kwenye mizinga ya magome na magogo iliyotundikwa juu mtini. Ukipita Mpanda mjini usiondoke bila chupa.

Ngoma ya simba

Wasukuma walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao kwa miongo kadhaa iliyopita, wakitafuta malisho. Walikuja na desturi yao: kijana aliyemuua simba aliyevamia zizi hupambwa, hucheza kutoka boma hadi boma, na jamaa humzawadia ng'ombe, mbuzi au fedha. Kwa asili ilikuwa heshima kwa aliyejitoa kulinda mali ya wote. Tatizo likaja zawadi zilipokuwa kubwa kiasi cha baadhi ya vijana kuwafuata simba porini, waliokuwa hawajamgusa ng'ombe wa mtu.

Je, wajua jinsi suala hilo lilivyoshughulikiwa? Askari peke yao wasingeliweza. Kampeni iitwayo WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ilikaa na wazee na sungusungu wa vijiji, na Wasukuma wenyewe wakasaidia kupitisha sheria ndogo za kuzuia ngoma na zawadi kwa waliowaua simba wasio na kosa. Penye mazungumzo ya namna hiyo, mila haikutukanwa, na simba alipata nafuu.

Kufika huko

Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000. Zamani ilikuwa safari ya kuaga ndugu. Siku hizi lami imefika kutoka Tabora, na upande wa Sumbawanga kuna barabara inayokatiza ndani ya hifadhi yenyewe. Ukiwa humo punguza mwendo, hasa jioni. Kijiji cha lango ni Sitalike, kilomita kama 35 kutoka Mpanda, na hapo unaweza kuwaona viboko wa Katuma hata kabla hujalipa kiingilio, wakikoroma karibu na nyumba za watu.

Kuna pia treni. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kama kilomita 210, lilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na watu wa Mpanda wameitumia tangu hapo kusafirisha mahindi, asali na abiria. Ni ya polepole na inachosha. Inakupitisha kwenye miombo kwa saa nyingi, na kwa mwenye muda mimi ningemshauri aipande japo mara moja. Watalii wa nje wengi huja kwa ndege ndogo zinazotua viwanja vya ndani ya hifadhi, na huunganisha na Milima ya Mahale iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mahale haina barabara kabisa, unafika kwa mtumbwi wa injini au boti, kisha kwa miguu. Kule ndiko mwaka 1987 mtafiti alimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini cha shina la mti mchungu ambao Watongwe wa hapo nao hutumia kama dawa ya tumbo.

Raia wa Tanzania na Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kikilinganishwa na cha wageni. Beba kitambulisho. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, si fedha mkononi, kwa hiyo shughulikia hilo mjini penye mtandao wa uhakika. Gari liwe la juu. Kuanzia Machi hadi Mei usijaribu: udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunasa hata trekta, na kambi nyingi hufungwa. Kutembea kwa miguu kunaruhusiwa, ila na askari mwenye silaha, na ukiambiwa simama, simama. Mafuta jaza Mpanda. Kwa vidonge vya malaria muone daktari mapema.

Maji ya Katuma yanakwenda wapi?

Katuma hutoka kwenye vilima vya magharibi, hupita kwenye mashamba, huingia hifadhini Sitalike, hujaza Ziwa Katavi na Chada, kisha, kwa jina la Kavuu, humalizikia Ziwa Rukwa. Rukwa ni ziwa lisilo na mto unaotoka. Mwaka 2016 lilitajwa duniani kote watafiti walipotangaza kuwa chini ya bonde lake kuna gesi ya heli, ile inayotumika kupoza mashine za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili. Wengi walisikia habari za gesi. Habari za mto unaolilisha ziwa hazikusikika sana.

Nazo ni hizi. Katavi imezoea ukame wa msimu, na mamba, viboko na kambare wake wamejipanga kwa hilo. Jambo jipya ni mto kukauka mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani. Utafiti wa Manase Elisa na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulieleza sababu: juu ya hifadhi maji yanachepushwa kwenda kwenye majaruba ya mpunga, kwa mifereji na mabwawa ya udongo, mengi bila kibali, na miti ya kwenye chanzo inakatwa. Serikali imewahi kuamuru mabwawa haramu yabomolewe. Yakibomolewa, mengine hujengwa. Namwelewa mkulima, mpunga wa kiangazi ndio ada ya shule ya mwanawe. Lakini maji yakiisha Sitalike mwezi wa Agosti badala ya Oktoba, yule kiboko hana pango la kuingia, na mwishowe atatoka kwenda kuyatafuta mashambani, akutane na mkulima huyo huyo usiku.

Je, wajua kwamba sheria tayari imekwisha kupanga nani aanze kunywa? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, na ndipo zije shughuli za kiuchumi, umwagiliaji ukiwemo. Anayetaka kuchepusha mto anatakiwa awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa. Kwa hiyo ninyi mnaolima Katuma, ombeni kibali kwa kikundi, jengeni mfereji unaofungwa na kufunguliwa, maji yasiyotumika yarudi mtoni. Wewe wa halmashauri, kapime maji Julai, usisubiri Oktoba. Na wewe msomaji wa Dar, Arusha au Mwanza, likizo ijayo panda basi la Mpanda. Ukifika Sitalike, kabla ya kwenda kumtafuta simba, tazama kwanza Katuma ina maji kiasi gani, kisha ukirudi nyumbani wasimulie watu ulichokiona.